Uso wa Mtoto wa Yaya

Kule Bukavu nilikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya sekondari ya wasichana. Niliwafundisha wanafunzi wangu kama masista walivyonifundisha mimi: funga jicho moja, pima kwa penseli, macho yako katikati ya kichwa wala si juu kama wengi wanavyodhani, sikio linaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa pua. Niliamini kwamba mtu akichorwa sawasawa, yeyote anayempenda atamtambua. Nilikuja Ubelgiji na imani hiyo, na ilinitoka Etterbeek, mtaa wa Brussels, sebuleni kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa nilimwita yaya, kama tunavyowaita kwetu Kivu ndugu waliotutangulia kuzaliwa. Alikuwa amefika Brussels miaka mingi kabla yangu, akimfuata mumewe aliyekuja kusoma. Mume akaenda zake, yaya akabaki, akapata kazi ya kuwahudumia wazee kwenye makao yao. Mtoto wake wa pekee alimwacha Bukavu kwa mama yetu, akiwa bado anang'oka meno ya utoto, kwa nia ya kumchukua mwaka unaofuata. Lakini kila mwaka kulikosekana karatasi moja, na ikipatikana hiyo, ya mwaka uliopita ilikuwa imeshapitwa na wakati.

Mimi niliishi na mtoto huyo nyumba moja. Nilimwona akirefuka hadi akainama mlangoni, nilimwona akiota ndevu tatu za kidevuni na kuzitunza kama miche. Yaya hakuyaona hayo. Alimjua kwa kaseti. Simu za Bukavu siku zile zilikuwa za kubahatisha, basi mama alimkalisha mtoto mbele ya redio, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akamwambia aongee na mama yake. Kaseti ilifungwa ndani ya soksi ikapewa msafiri. Picha pia zilipigwa, lakini mama alikuwa mchoyo wa picha. Aliziweka zote kwenye albamu yake na kusema yaya atazikuta akirudi. Nilipofika Brussels katikati ya miaka ya tisini, nilizikuta kaseti kwenye kabati la jikoni, juu ya mchele. Yaya alizisikiliza akipiga pasi.

Ni yeye aliyenipeleka kwenye akademia. Mitaa ya Brussels ina shule zake za sanaa kwa watu wa kawaida, jioni na Jumamosi, na ada yake haiumizi. Nilikuwa nangojea hati ya ukimbizi, nashinda dirishani nikitazama basi linalopita.

"Ukikaa humu ndani kichwa itaharibika," yaya aliniambia. "Wewe ulikuwa mwalimu wa dessin. Alors, enda uchore."

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kiflandri mwenye nywele nyeupe fupi na vidole vilivyokula rangi. Jumamosi ya kwanza tulimchora mzee mmoja, mfanyakazi wa posta mstaafu, aliyekaa kwenye kiti huku anasinzia. Nilimaliza mapema. Mwalimu akasimama nyuma yangu kwa muda.

"Sasa pua yake naijua," akasema. "Mwenyewe bado."

Sikumwelewa, na niliumia kidogo. Wenzangu walikuwa wamechora vichwa vilivyopinda na mabega yasiyolingana, nao hakuwaambia kitu.

Majira yale ya baridi alitufundisha habari za ekspresionizimu. Alizima taa, akaonyesha slaidi ukutani, na kila alipotaja neno hilo alikunja ngumi kifuani kisha akaufungua mkono kwenda mbele, kana kwamba anatoa kitu ndani ya mbavu. Alitueleza kwamba wachoraji wa kabla ya hapo walikwenda nje na kuchora namna mwanga unavyoanguka juu ya maji na majani. Halafu wakaja wengine waliochoka na mwanga. Mmoja alikuwa Mnorwe ambaye tangu utotoni nyumba yao haikuacha kuuguza na kuzika. Mwingine alikuwa Mholanzi aliyechora hata mti ukaonekana una homa. Hawakujiita kitu. Waliokuja kupewa jina ni vijana wa Ujerumani, karibu miaka kumi kabla ya vita vikuu vya kwanza. Kundi moja lilikuwa la wanafunzi wa usanifu wa majengo katika mji wa Dresden. Waliacha rula zao, wakajikusanya kwenye duka tupu lililokuwa bucha, wakawa wanachora haraka haraka, nyuso za kijani, anga nyekundu, na kuchonga mbao kwa kisu ili wachapishe picha zenye kingo kali. Kundi la pili lilizuka Munich, na hilo lilisema rangi inaweza kufanya kazi kama muziki, bila kuwa picha ya kitu chochote.

"Si kwamba hawakujua kuchora," mwalimu alisema. Nadhani alikuwa ananisemesha mimi. "Walijua. Waliona tu kwamba usahihi unaweza kudanganya."

Kisha akatuonyesha walichokuwa wakikitazama vijana wale: vinyago vya Afrika na vya visiwa vya mbali, vilivyowekwa kwenye makumbusho ya Ulaya. Darasa zima likanigeukia. Mwanamume mmoja, mhasibu, akaniuliza kwa heshima kinyago kile kina maana gani.

Nikamwambia ukweli. Kwetu tulikuwa Wakatoliki wa vizazi viwili, bibi yangu alisali rozari hata akiwa shambani, na kinyago cha kwanza kukiona kwa karibu maishani mwangu nilikiona Ubelgiji, nyuma ya kioo, kwenye makumbusho yaliyo mwisho wa njia ya tramu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nilifikiria kwamba vijana wale wa Dresden nao walikiona nyuma ya kioo. Hawakujua kilichezwa msiba gani, wala nani alilia kilipopita. Waliona tu kwamba aliyekichonga hakuwa akipima pua ya mtu. Walichukua hicho, na kilichobaki kikabaki kwetu, ambako mimi pia sikukijua.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita vita vikaingia Bukavu. Kwa majuma hatukujua lolote. Yaya alikwenda Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels, kila alipotoka kazini, kwenye duka la Mkongo mmoja ambako watu wa Kivu walikusanyika kusubiri habari, akarudi na mihogo asiyoipika. Habari yetu ilikuja kwa simu kutoka Bujumbura, kwa jirani aliyevuka mpaka. Mama yuko salama kwa mapadri. Nyumba imeungua na kila kilichokuwamo. Kijana alikimbilia njia ya msituni pamoja na wenzake, na njiani kule kuhara damu kukamwua. Walimzika wenzake.

Yaya aliweka simu chini, akaenda kuzima moto chini ya sufuria. Kisha akakaa sakafuni.

Matanga yalifanyika pale pale Etterbeek. Kwetu mfu akilaliwa matanga, picha yake huwekwa mezani na mshumaa, ili wanaoingia wamwone wanayemlilia. Yaya hakuwa na picha ila moja, ya mtoto mwenye pengo la meno. Hakutaka kuiweka hiyo. "Watu watafikiri nilipoteza mutoto mudogo," alisema. "Alikuwa mwanaume." Akaniangalia. "Wewe ulimuona. Mudogo yangu, unichoree."

Nilichora mchana kutwa. Nilimkumbuka vizuri: taya la baba yake, kovu la nyusi alipoanguka kwenye ngazi za kanisa, zile ndevu tatu. Sikuwahi kuchora sura iliyofanana na mwenyewe kuliko ile. Nilimpa yaya kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaiweka magotini.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye, yaya. Ndivyo alivyokuwa."

"Najua hausemi uongo. Lakini ule simujue." Alizungumza polepole. "Nikipishana naye barabarani, napita. Donc ule haiko mutoto wangu."

Nilikwenda jikoni nikasimama pale. Kosa halikuwa langu wala lake. Mimi nilikuwa na uso, yeye hakuwa nao kabisa, na hapakuwa na njia ya kumpa kumbukumbu zangu hata ningechora kila unywele. Nikafungua kabati, nikatoa kaseti.

Nilisikiliza zote, kutoka ya zamani hadi ya mwisho. Mwanzoni sauti ilikuwa nyembamba, inasoma herufi, inauliza kama theluji inaliwa. Katika nyingine alikuwa amenuna, mama anamhimiza kwa nyuma, yeye anapumua tu. Baadaye sauti ikavunjika katikati ya sentensi, akaona haya, akacheka. Katika ya mwisho alikuwa na sauti nzito ya mtu mzima, anazungumza na mama yake kama mtu anavyozungumza na mgeni wa heshima. Nilikuwa ninaishi katika nyumba ile alipokuwa akiyasema hayo, na sikuwahi kuyasikia.

Nilikuwa na rangi za akademia na ubao wa mbao uliobaki kwenye rafu ya kabati la nguo. Sikupima kitu. Yaya alileta kiti, akakaa kando yangu bila kuulizwa, kaseti zikiendelea. Mara akasema, "Hapo alikuwa na mafua." Mara akasema, "Hapo alinikasirikia." Nilipaka kichwa kikubwa cha rangi ya udongo mwekundu kimeinama kwenye kitu kisichoonekana, mdomo umefunguka, nusu ya mtoto na nusu ya mtu mzima, na shingo nene ya rangi ya buluu kwa sababu sauti ile ya mwisho ilinijia hivyo. Macho niliyafunga. Yaya hakuwa amewahi kutazamwa na macho yale tangu yalipokua, na sikuona kwa nini nijifanye alitazamwa.

Nilipomaliza, yaya alisimama, akaisogelea picha mpaka nikahofia rangi itamshika. Hakusema ni yeye. Alisema, "Bon. Hii tutaweka."

Watu walijaa kesho yake. Mzee mmoja tuliyemwita tonton kwa heshima, kiongozi wa kikundi cha sala, aliingia, akavua kofia, akaiona picha mezani, akasita.

"Maman, samahani," akamwambia yaya kwa sauti ya chini. "Ile kitu inafanana na ya wachawi. Ingefaa kuifunika kidogo wakati wa sala."

"Tonton, ulimusikia mutoto wangu akiongea?"

"Hapana, maman."

"Mimi nilimusikia. Iko vile."

Hakupandisha sauti. Tonton alibaki na kofia yake mkononi, kisha akafungua kitabu cha nyimbo. Waliimba, picha ikiwa wazi. Baadhi ya kina mama walikaa wakiipa mgongo. Mmoja wao, mama wa Uvira aliyepoteza watu wengi njia ile ile ya msituni, alihamisha kiti chake akaketi mbele ya picha, akailia kama ya mtoto wake. Simlaumu yeyote kati yao.

Niliporudi akademia nilimsimulia mwalimu. Aliniuliza kama ningependa kuileta picha kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka. Nilimuuliza yaya.

"Watu watasimama pale na vin na fromage?"

"Ndiyo, divai na jibini."

"Basi hapana."

Mwalimu alikubali. Alisema anamwelewa, ingawa niliona amesikitika. Tangu siku ile nikitazama vinyago nyuma ya kioo huwaza kwamba huenda mahali fulani palikuwa na mwanamke aliyesema hapana, na hakusikilizwa.

Majira ya kuchipua yaliyofuata yaya aliniomba mwenyewe nimpeleke kuona hao watu wa mwalimu wangu. Tulikwenda Jumapili baada ya misa, yeye na viatu vyake vya kanisani, kwenye jumba la sanaa lililo jirani na ikulu ya mfalme. Wajerumani walikuwa wachache humo, lakini Waflandri walikuwapo. Tulisimama mbele ya picha kubwa ya rangi ya kahawia, karibu nyeusi: wakulima wawili, mume na mke, wameketi mezani, mikono yao mizito kuliko vichwa.

"Hawa walifanya kazi," yaya akasema. Aliangalia mikono yake ya kunyanyulia wazee, akaangalia ile ya pichani. "Ile namna ya Mujerumani ilifikaje huku?"

Nikamweleza nilichojifunza. Kwamba ile namna ya kuchora haikuletwa Flandri na Wajerumani, maana wao walikuja na mizinga. Vita vilipoingia Ubelgiji, wachoraji wa vijiji vya huku walikimbia na familia zao. Wengine walikwenda Uholanzi, wengine Uingereza, wakakaa vyumba vya kuazima. Uholanzi yakawafikia magazeti ya sanaa na picha za Wajerumani, wakaona hata uchungu unaweza kupakwa rangi. Huko ugenini mikono yao ikabadilika. Na picha za wale vijana wa Ujerumani wenyewe, baadaye serikali ya kwao ikaziita uchafu, ikazitoa makumbusho, nao wengine wakawa wakimbizi vilevile.

"Aliyechora hii alikuwa réfugié?"

"Ndiyo, yaya."

"Na alirudi kwao?"

"Alirudi. Vita ilipoisha alirudi, akawachora watu wa kwao."

Yaya alitikisa kichwa taratibu. Mlinzi wa chumba alipita, akatutazama, akaendelea. Yaya alikaa kwenye benchi ya katikati, akafungua kifungo cha kiatu kimoja, na mkoba wake akauweka mapajani.

"Acha nikae na hawa kidogo," akasema. "Wewe enda uone zingine."