Karatasi Iliyofika Ijumaa

Msiniulize ni gereza gani, maana sitawaambia. Ninachoweza kusema ni kwamba liko pembeni mwa Tabora, na barabara ya vumbi inayopita mbele ya lango, wenyeji wanasema ndiyo njia ya zamani ya misafara ya watumwa. Wageni huja mjini kutazama minyororo ya kale kwenye makumbusho, wanatikisa vichwa na kuulizana binadamu aliwezaje kumfanyia mwenzake vile. Kisha wanapanda gari na kupita mbele yetu wakiwa wamefunga vioo kwa sababu ya vumbi.

Mimi nilikuwa askari wa lango. Kazi yangu ilikuwa kitabu: nani kaingia, nani katoka, saa ngapi. Kila alasiri, saa tisa na nusu, wafungwa na mahabusu walichuchumaa uani watano watano, wakahesabiwa, wakafungiwa. Hesabu ikitimia, mkuu wa zamu anaweka sahihi, na kuanzia hapo mle ndani hamna tena watu, mna idadi. Maneno "hesabu imefungwa" niliyasikia mara nyingi hata nikaanza kuyatumia mwenyewe. Yalinifaa. Ukishayatamka, hulazimiki kufikiri.

Tulikuwa na mahabusu mmoja, mfugaji wa Ziba, mtu wa miaka hamsini na kitu. Alileta ng'ombe mnadani, mmoja akadaiwa kuwa wa wizi, na waliopaswa kuuliza maswali wakaona rahisi zaidi kumweka ndani. Miezi minne alipelekwa mahakamani na kurudishwa. Upelelezi haujakamilika. Sijui ng'ombe mmoja anapelelezwaje miezi minne. Dhamana ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, lakini wadhamini walitakiwa kuja na barua za mtendaji wa kijiji, na kila walipokuja kulikuwa na mhuri uliokosekana.

Yeye hakuwa mtu wa kulalamika. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye kifungua mimba. Kila alipopita langoni na pingu kwenda kupanda karandinga aliniamkia kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka, mayu," ananiita mama ingawa ningeweza kuwa binti yake. Halafu anaongeza, "Leo nakwenda kumwona mama." Alasiri anarudi.

Ijumaa moja mambo yakanyooka, ila kwa kuchelewa. Dereva wa karandinga aliogopa kuikosa hesabu, akawarudisha mahabusu saa nane. Hakimu akasaini dhamana baada ya hapo. Saa kumi na dakika kumi bodaboda ikasimama langoni, akashuka mwanamume aliyefanana naye sana usoni. Alikuwa mdogo wake, ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na hati ya kuachiwa, ina mhuri wa mahakama, ina sahihi, haikupungukiwa chochote. Nikaandika kitabuni saa niliyoipokea.

Alisogea karibu na dirisha langu, akashusha sauti.

"Dada, nikwambie kitu. Mama alifariki jana usiku. Kaka hajui. Leo nimemwona pale mahakamani, nikashindwa. Mtu ana pingu, utamwambiaje? Nataka nimtoe kwanza, tukae mahali, anywe hata chai, ndipo nimwambie. Kesho tunazika. Kule kwetu hatuna pa kumhifadhi mama zaidi ya kesho, na ukoo unataka kaka ndiye aweke udongo wa kwanza."

Nilikwenda mbio kwa mkuu wa zamu na hati mkononi. Alikuwa anafunga droo. Hakuisoma.

"Hesabu imefungwa."

"Afande, ana msiba. Mama yake mzazi."

"Ndiyo maana nasema. Ukimwambia sasa hivi, nani atalala humu usiku? Jumatatu karani wa kumbukumbu atakuja, atamtoa kwa utaratibu."

"Lakini hati imefika leo."

"Imefika saa kumi na dakika kumi. Wewe mwenyewe umeandika."

Bwana jela alikuwa safarini na simu yake haikupatikana. Nilijaribu mara tano.

Huo utaratibu nataka niueleze vizuri, kwa sababu hadi leo nikiukumbuka hasira zinanipanda. Kufungua hesabu ni hivi: unachukua ufunguo, unaita jina, mtu anatoka, unafuta namba, unaandika nyingine, unasaini upya. Robo saa, tena kwa mtu mvivu. Sijaona kanuni inayosema kwamba mtu aliyeachiwa na mahakama alale ndani siku tatu kwa kuwa kalamu imekwisha kufunikwa. Ule ni uvivu tu. Tumeuvalisha sare, tumeupa cheo, halafu tunaupigia saluti.

Na mimi je? Mimi nilirudi dirishani nikamwambia yule bwana, "Hesabu imefungwa."

Hakugomba. Alidhani nataka kitu kidogo, akaanza kupapasa mfuko wa suruali, na hapo nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Angenitukana ningepata nafuu. Nilimweleza kwamba siyo hivyo, kwamba ni mpaka Jumatatu. Akasema atalala stendi na kurudi asubuhi, huenda mkubwa akaamka na moyo mwingine.

Jumamosi saa moja alikuwa amefika, macho mekundu, mkononi ana mfuko wa plastiki. Nami nilikuwa zamu. Haukupita muda, mkuu wa zamu yule yule, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, akaja na ufunguo. Akatoa wafungwa wawili wakamchimbie shimo la choo nyumbani kwake, kwani alikuwa na wageni wiki inayofuata. Namba ikafutwa, nyingine ikaandikwa. Niliitazama saa ya ukutani. Walitumia dakika sita.

Wale wawili wakapita mbele ya yule bwana na majembe na sururu begani. Akawafuata kwa macho mpaka walipopinda kona.

"Hawa wanakwenda wapi, dada?"

"Kazini," nikasema.

Nikamfuata mkubwa wangu. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mtu mwenye cheo, kwamba kama lango linafunguka kwa ajili ya choo, basi lifunguke kwa ajili ya mama wa mtu. Askari wenzangu wawili wakajifanya wanatafuta kitu chini ya meza.

"Hawa wanarudi jioni," alinijibu polepole, kana kwamba anamfundisha mtoto. "Yule harudi. Ni mambo mawili tofauti. Na ukithubutu kumpelekea habari za msiba, uhamisho wako nitaushughulikia mimi."

Nina watoto wawili na nilikuwa ninaishi kwenye nyumba ya kazini. Nikanyamaza. Sitaki kutafuta sababu nyingine yenye heshima zaidi, kwa sababu haikuwepo.

Basi la kwenda upande wa Igunga lilikuwa linaondoka saa mbili. Yule bwana hakuweza kungoja tena, maana yeye naye alikuwa mtoto wa marehemu. Alinipa ule mfuko. Ndani mlikuwa na nauli ya kaka yake na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Mwambie nimetangulia. La msiba niachie mimi, nitamwambia mwenyewe nyumbani."

Nikaahidi, nikampa na namba yangu ya simu. Jioni akanitumia ujumbe mfupi: wamezika saa tisa, aliyeweka udongo wa kwanza ni yeye.

Jumapili mahabusu yule alikuja kwenye kidirisha cha lango la ndani. Habari za dhamana zilikuwa zimemfikia, sijui kwa njia gani. Alikuwa anacheka.

"Mayu, ni kweli kesho?"

"Ni kweli."

"Basi ngoja nifue suruali. Siwezi kumwendea mama na uchafu huu."

Nilisimama pale na funguo kiunoni, nikasikia maji yanamwagwa kwenye ndoo, nikasikia anavyosugua. Nilijiona mchafu kuliko ile suruali. Nilikuwa na maneno mdomoni na nikayameza, mara ya pili katika siku mbili.

Jumatatu karani wa kumbukumbu alifika saa tatu, akanywa chai, akamtoa kwa dakika chache tu. Nilimpa nauli na shati langoni. Alilivaa pale pale, akafunga vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia, kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa nje.

"Marahaba, mwanangu. Mdogo wangu yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Ametanguliaje? Atoke Ziba kuja kunitoa, halafu aniache mlangoni?" Akalishika lile shati kifuani, akaliangalia. "Na hili ni shati lake la sikukuu. Huwa hampi mtu yeyote."

Alininyanyulia macho na akangoja. Nilijaribu kusema kwamba basi lilikuwa linaondoka. Nilijaribu kusema kwamba mdogo wake atamweleza nyumbani. Sikuweza kumdanganya mtu yule hata neno moja zaidi.

"Mama amefariki, baba."

Nilimwambia tumesimama wote wawili juani, mimi nimevaa kofia ya kazi. Hakulia. Aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza njia.

"Lini?"

"Alhamisi usiku."

"Wamezika?"

"Juzi, Jumamosi."

Akatoa nakala ya hati yake mfukoni, akaikunjua. Kusoma hakujua vizuri. Akaweka kidole juu ya mhuri.

"Na hii ilifika lini hapa kwenu?"

Ningeweza kumwambia sikumbuki. Kitabu kilikuwa mezani, kimefungwa.

"Ijumaa. Saa kumi na dakika kumi."

Akaikunja ile karatasi mara mbili, akairudisha mfukoni.

"Kumbe mlikuwa nayo," akasema.