Koleo Chini ya Goti la Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa kama ninajua kusoma, nami nikajibu kwa muda wa dakika kumi hivi. Nilieleza shahada yangu ya ukutubi, mifumo ya kuainisha vitabu, na tasnifu niliyoandika Dar es Salaam, ambayo hadi leo imesomwa na watu wawili, mmoja wao akiwa mimi. Msimamizi wa karakana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa kopo la grisi.

"Bon," akasema, yaani vizuri. "Soma hii."

Karakana ilikuwa Pinetown, nje kidogo ya Durban, Afrika Kusini, nyuma ya kiwanda cha magodoro, na kazi yetu ilikuwa kuandaa boti za mashindano ya besi. Besi ni samaki wa maji baridi mwenye mdomo mkubwa na tabia mbaya. Anaishi kwenye mabwawa ya bara, na watu wazima wenye kazi zao humfukuza tangu alfajiri hadi alasiri, wakampima uzito, wakamrudisha majini. Nilipomweleza mama yangu kwa simu, aliuliza kama ninakula vizuri.

Msimamizi alikuwa Mkongo wa Bukavu. Sote tulimwita Shefu. Yeye aliniita Universitaire, yaani msomi wa chuo kikuu, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa. Alinifundisha boti kuanzia nyuma kwenda mbele. Nyuma kuna injini kubwa ya kukimbilia, na kamba nyekundu ambayo dereva huifunga kiunoni ili akirushwa majini injini izime yenyewe. Chini yake kuna kizibo cha kutolea maji, ambacho ukikisahau utakumbushwa na bwawa. Mbele kuna mota ndogo ya umeme ya kunyemelea samaki bila kelele, inayoendeshwa kwa mguu. Betri zake ni tatu, na uzito wake lazima ulingane kushoto na kulia, la sivyo boti inakimbia imeinama bega moja. Katikati kuna tangi la samaki, lenye pampu ya kuingiza maji mapya na hewa, kwa sababu mvuvi anaruhusiwa kupeleka mizanini samaki watano tu, na samaki aliyekufa hukatwa uzito. Juu ya sitaha hulazwa fimbo nane au kumi, kila moja na chambo chake bandia tayari, zimefungwa kwa mikanda zisigongane.

Haya yote niliyajua ndani ya miezi miwili. Kitu kimoja sikukielewa, nacho ni kupima mkono.

Kabla hatujafungua kifuniko chochote, mwenye boti aliketi kwenye kiti chake, akafumba macho. Shefu akamtajia vitu kimoja kimoja: koleo la kung'olea ndoana, mkasi, mizani, taulo. Mtu alinyoosha mkono bila kufikiri, na pale mkono ulipotua Shefu akabandika kipande cha utepe. Ndipo sisi tukapanga kufuata utepe. Mimi nilisimama pembeni nikiona wanaume wazima wenye tumbo wanapapasa hewa, na nikacheka kimoyomoyo.

"Unacheka nini?" Shefu aliniuliza siku moja.

"Sicheki, Shefu. Ila si ingekuwa rahisi vitu vikapangwa kwa aina? Zana pamoja, chambo pamoja?"

"Universitaire, boti haiko bibliothèque. Samaki akikamata, macho iko kwa mushipi. Mukono njo inatafuta. Unaelewa?"

Nilisema nimeelewa: boti si maktaba.

Mteja wetu wa kwanza kwa heshima alikuwa Skipa, Mzulu, mwalimu mkuu mstaafu. Alinena nami Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, kwa hiyo maneno yake hapa nayatafsiri. Misimu mitatu mfululizo alikuwa amekosa nafasi kwenye timu ya jimbo, kila mara kwa kidogo. Sasa daktari alikuwa amemwambia bega lake lazima lipasuliwe msimu ukiisha, na hakumwahidi kwamba atarusha tena mshipi. Kwa hiyo shindano la mwisho la msimu ule, katika bwawa moja la bara, lilikuwa la mwisho kwake pia.

Siku mbili kabla, alituletea boti tubadilishe betri. Shefu alikuwa anatoka kwenda Clairwood kuchukua pampu kwenye ghala.

"Ile boti ya Skipa," akaniambia akiwa mlangoni, "toa vintu, weka batterie, kila kintu irudi penye ilikuwaka."

Nilitoa vitu. Niliweka betri. Kisha nikaviangalia vile vitu vimetapakaa sakafuni, na kitu ndani yangu ambacho kilikuwa hakijapata kazi tangu nivuke mpaka kikaamka. Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa karibu na fujo ya mwenzangu. Nilipanga chambo kwa aina, ndani ya aina kwa rangi, ndani ya rangi kwa uzito. Nilitengeneza lebo. Niliandika faharasa, nikaigandisha ndani ya kifuniko. Shefu aliporudi nilikuwa nimeshafunga turubai, nikamwambia kila kitu kiko sawa, na wakati huo niliamini hivyo.

Usiku wa kuamkia shindano mwenzake Skipa alishikwa na homa, na sheria inataka watu wawili kwa boti. Skipa akanipigia simu mimi. Nilifurahi: ningekuwepo atakapofungua kifuniko.

Alikifungua alfajiri, boti ikiwa tayari imeshuka majini, tunasubiri kuitwa namba yetu. Alizisoma lebo zangu zote, taratibu, kama anayesahihisha insha.

"Eish," akasema. "Mfowethu, ndugu yangu, hii ni nzuri sana. Na vitu vyangu viko wapi?"

"Viko kwenye faharasa, Skipa."

Alinitazama. Namba yetu ikaitwa.

Mpaka saa nne tulikuwa na samaki wanne tangini, wazima, wazito. Kila mara Skipa alipotaka kitu, mkono wake ulikwenda mahali, ukakuta pengo, ukarudi. Mimi nilikuwa nanyanyuka na kuketi, nanyanyuka na kuketi, nikimpa mkasi kabla hajauomba na taulo asilolihitaji, mpaka akaniambia, "Kaa chini, unatikisa boti."

Ndipo akamnasa wa tano, mkubwa kuliko wote. Alimleta ubavuni mwa boti, akamnyanyua, tukaona kwamba ameimeza ndoana mpaka ndani kabisa, karibu na matamvua. Damu ikaanza kutoka. Hapo panatakiwa koleo lenye mdomo mrefu, mara moja, ndoana itoke na samaki aingie majini. Mkono wa kulia wa Skipa ulishuka chini ya goti, pale ulipotua utepe wa Shefu miaka mingi iliyopita. Palikuwa na taa za akiba.

"Koleo!"

Sasa nitawaambia vijana mnaoanza kazi hii ya boti kitu ambacho sijawahi kumwambia mke wangu. Nilisimama katikati ya boti ile nikawaza: je, koleo niliainisha kama zana, au kama kifaa cha usalama? Nilikuwa na hoja za pande zote mbili. Nilifungua sanduku la zana, nikakuta mizani. Nilifungua la usalama, nikakuta jaketi. Nilikimbilia faharasa. Koleo nilikuwa nimeliweka chini ya "Matunzo ya Samaki", na kwa mantiki sijaona hadi leo kosa lolote katika uamuzi huo.

Samaki aliingia tangini akiwa ubavu. Tulipofika mizanini alikuwa amekufa, na uzito uliokatwa ulimshusha Skipa nafasi moja chini ya mstari wa timu.

Shefu alikuwa ametusubiri kwenye njia ya kushushia boti. Alifungua kifuniko, akaona lebo.

"Weye," akaniambia. "Lundi usikuje," yaani Jumatatu nisionekane kazini.

Skipa alikuwa anafungua kamba ya kiunoni kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshachoka. "Usimfukuze," akasema. "Sasa ndiye mtu pekee Durban nzima ambaye hatasahau koleo langu linakaa wapi."

Bega lilipasuliwa. Hakurusha tena kwenye mashindano. Shefu alihamia Kanada na watoto wake, mimi nikarithi grisi, kiti na cheo, na kwa miaka yote iliyofuata sikupanga boti hata moja bila kupima mkono. Walionicheka niliwaona. Niliwaacha wacheke.

Mgongo ndio ulionistaafisha, kabla ya umri. Sasa nashinda kwenye ghorofa yetu South Beach, natoka sebuleni naingia jikoni, na mke wangu amenipiga marufuku kugusa kabati la vikombe. "Baba, mimi najua viko wapi," ananiambia. Siwezi kubishana.

Boti ya mwisho niliyoiandaa kabla ya kustaafu ilikuwa ile ile. Skipa alikuwa ameiuza, na mnunuzi, daktari wa meno, mwanamke mwenye haraka, alitaka itolewe kila kitu cha zamani. Nilishusha mkono wa kulia chini ya kiti bila kutazama. Koleo lilikuwepo, pale nilipolirudisha baada ya shindano lile, limeshika kutu kidogo kwenye kiungo.

Nilimwomba aketi, afumbe macho.

"Kwa nini?" akauliza.

"Koleo," nikasema.

Mkono wake ulikwenda kushoto. Nilikaa na lile koleo mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza, mpaka akafumbua jicho moja. Kisha nikabandua utepe wa Shefu, nikaubandika kushoto, nikalihamisha.

Mkono wangu mimi bado haujakubali. Kanisani, kwenye teksi, mezani, kila nikikaa unashuka wenyewe chini ya goti la kulia, unapapasa.