Mtoto Asiyelia

Dada yangu ni fundi cherehani, tena fundi kweli. Suruali aliyoikata yeye hairudishwi. Kifungua mimba wake alizaliwa shule zikikaribia kufunguliwa, sare zimerundikana hadi dirishani. Mtoto akalala. Ananyonya kidogo, analala tena, na cherehani ikinguruma pembeni wala hashtuki. Wateja wakambandika jina la Mpole. Mimi na domo langu nikawapita wote: "Dada, una bahati! Wangu alininyima usingizi miezi sita." Akacheka, akamaliza sare zote kwa wakati. Maneno yale yananichoma mpaka leo.

Macho yalikuwa na umanjano, tukasema jua litautoa. Akakaa siku nne bila choo, tukasema maziwa ya mama hayana makapi. Ulimi ukawa unatokeza nje, tukasema anatutania. Hatukukosa jibu hata siku moja.

Miezi minne baadaye, muuguzi wa chanjo alikigusa kitovu kilichotuna, akasikiliza kilio chake kifupi, kizito, alipochomwa sindano, kisha akauliza, "Mama, huyu nyumbani huwa analia kweli?" Damu ikapimwa. Tezi ya shingoni haikuwa ikitoa homoni ya kutosha, ile inayosaidia ubongo kukua.

"Angeanza dawa katika wiki mbili za kwanza..." daktari alisema, asimalizie.

Dawa yenyewe ni kidonge kidogo tu, husagwa na kuchanganywa kijikoni na maziwa kidogo, kila siku. Mpole akachangamka, akaanza hata kupiga kelele. Lakini alitembea akiwa na miaka mitatu, na maneno yake mpaka sasa yanahesabika.

Mdogo wake alipozaliwa, dada aligoma kutoka wodini mpaka mtoto atobolewe kisigino, damu ipelekwe maabara. Majibu yakawa yale yale. Siku ya tisa akaanza kidonge.

Huyo sasa ana miaka mitano. Juzi alitusomea kitabu kizima, kidole kikifuata maneno. Tukashangilia, na Mpole, binti wa miaka kumi na mmoja, akapiga makofi kutushinda sote. Dada akainuka, akaingia jikoni. Nikamfuata.

"Kwani hufurahi?"

"Nafurahi sana, mdogo wangu," alisema, machozi yakimtiririka. "Ila kila huyu akiweza kitu, ndipo ninapoona Mpole angekuwa nani."