Mbegu ya Kevina na Adabu ya Mkwe

Mto Malaba ulipoamua kuhamia Buteba, mwishoni mwa mwaka 1961, haukubisha hodi. Ulipita katikati ya shamba la mihogo la Kevina, ukaingia jikoni, ukaondoka na kuku, kisha ukajikalia chini ya ghala la wimbi kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko karibu. Maloba, mumewe, aliyatazama yote hayo kutoka juu ya kichuguu, mikono kiunoni, akitoa amri. Maji hayakumsikiliza hata kidogo, lakini yeye hakukata tamaa ya kuamrisha.

Kevina hakuwa mtu wa kutajwa redioni. Alizaliwa Mulanda kwa Wajopadhola, akaolewa Buteba kwa Wasamia, akalima, akazaa, akalima tena. Kiburi chake kilikuwa kimoja tu: tangu aolewe hakuwahi kwenda kwa jirani kuomba mbegu. Kila mavuno alichagua masuke yaliyonona, akayaanika, akayapura, akazitia punje kwenye mtungi, akauziba mdomo kwa kinyesi cha ng'ombe na kuuning'iniza darini juu ya moshi wa jiko. Ndiyo maana ghala lilipoanguka majini, mtungi ulibaki mkavu. Shamba la mwaka uliokuja lilikuwa humo, na nyumba ile haikuwa na lingine.

Maji yalipopungua, wimbi la ghalani lilikuwa limekwisha kuota. Wimbi la namna hiyo halipandiki, na ugali wake haushikani. Lakini linafaa sana kwa kimea cha malwa, pombe ya wimbi, na hapo ndipo wanaume wa Buteba walipouona mkono wa Mungu. Mihogo ilikuwa imeoza ardhini, mbuzi walikuwa wamekwenda na maji, watoto walikuwa wakichemshiwa majani ya kunde bila chumvi. Hayo hayakuwa na haraka. Kikao cha kwanza baada ya mafuriko kilikuwa cha kimea.

"Mwaka huu Mungu amepika nusu ya pombe yeye mwenyewe," alisema Ecweru, rafiki wa Maloba, akikausha mrija wake wa kunywea juani. "Kwetu imebaki unga tu."

Unga, sasa, ndio uliokuwa kazi. Malwa huanzia kwenye unga wa wimbi kavu, ambalo halijaota. Unachachushwa, unakaangwa, ndipo kimea kinaingia. Na wimbi kavu lililokuwa karibu lilikuwa darini kwa Kevina.

"Mama Wandera," Maloba alianza kwa upole usio wa kawaida yake, "hii kimea itaharibika bure. Toa ile kitu ya juu."

"Ile kitu ya juu ni mbegu, Baba Wandera."

"Mbegu tutapata! Hata kesho lori nakuja na mbegu."

Lori lilikuja kweli, haki ya Mungu. Lilileta magunia ya mbegu ya pamba, ili watu wenye njaa wasikose cha kuvaa.

Kevina aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoyaogopa maji, maana maji hayakuwa na kiu. Usiku alisikia mumewe akigeukageuka kitandani na kutazama darini, akajua mtungi ule hauna siku nyingi. Ndipo akakumbuka kuwa mwanamume hathubutu kuingia nyumba ya mama mkwe wake. Akikutana naye njiani hujitosa vichakani ampishe. Basi Kevina akaaga kwamba anakwenda kumsalimia mama, akajitwika mtungi ndani ya kikapu cha majani, akatembea mpaka Mulanda.

"Mama, hii ni mbegu," alimwambia Athieno, mama yake. "Nitaifuata wakati wa kupanda."

"Weka huko chumbani, mwanangu. Huko mume wako haingizi hata kivuli chake."

Kevina akarudi na moyo mweupe. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameacha kucheza, anakaa tu ukutani, na hilo lilimuuma mno. Lakini kila asubuhi alishika jembe akalitayarisha shamba, akiwaahidi watoto ugali wa wimbi jipya.

Maloba naye, alipoona dari tupu, ghafla aliingiwa na huruma. Alimhurumia mama mkwe, aliyekaa mlimani na hakuguswa na tone la mafuriko. Akaazima baiskeli, akafunga gunia la kimea nyuma, maana mkwe mwenye adabu haendi mikono mitupu, akaenda Mulanda kumjulia hali.

Kule alifanya kila kitu sawasawa. Hakuingia ndani. Alikaa nje chini ya upenu, mgongo kwa mlango, macho chini, akazipokea salamu kupitia kwa shemeji. Zawadi ikapelekwa ndani. Na Athieno akabaki akilitazama gunia lile la kimea. Mkwe ameleta kimea. Arudi kwake na koo kavu? Mulanda nzima ingesema nini? Wimbi lake mwenyewe lilikuwa limekwisha. Alilia kidogo, kisha akautoa mtungi chumbani. Maloba alikaa akichinjiwa kuku baada ya kuku mpaka malwa yakaiva. Hakuuliza unga umetoka wapi. Mkwe mwenye adabu haulizi.

Alirudi Buteba ameng'ara, na mtungi nyuma ya baiskeli.

"Mama yako najua kupika pombe," alisema. "Na mimi nimemheshimu. Hata uso wake sikuangalia."

Kevina aliuingiza mkono mtungini. Ulikuwa umeoshwa vizuri sana, kama vyombo vya watu vinavyorudishwa. Alikaa chini palepale akalia kwa sauti, na Maloba akamwambia awe na shukrani, kwa kuwa mama yake ni mzima.

Mvua za kupanda zilimkuta Kevina uani kwa Benedeta, jirani aliyekuwa na wakwe wasiopenda kutembea, ameshika kikapu kitupu na macho chini.

"Pole, dada," Benedeta alisema, akimpimia mbegu kwa viganja. "Kumbe mto ulichukua mpaka mbegu yako ya darini?"

"Ulichukua," Kevina alijibu. "Ulipanda baiskeli ukaifuata mpaka Mulanda."