Mwanaume wa katuni aliyetembea hewani, nusura aniulie mdogo wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wakubwa shikamooni.

Naona kuna uzi mnabishana mwanaume gani wa kwenye katuni ni kiboko. Endeleeni tu. Mimi yupo mmoja sitaki hata kumwona, na haya ninayoandika ni kweli tupu, atakayebisha abishe.

Kwetu ni milimani, juu kule wilaya ya Same. Enzi za ruksa ndo zimeanza, biashara imefunguliwa, foleni za sabuni zimepungua, mitumba imejaa gulioni.

Jirani yetu mmoja akarudi toka Dar na tivii, deki ya video na betri ya lori ya kuviwasha. Kijiji kizima tukahamia sebuleni kwake.

Akaweka katuni. Kuna mwanaume mwembamba, koti jekundu, anatembea huku anapiga mluzi. Anafika ukingoni mwa mlima, anapitiliza, anatembea hewani. Haanguki! Mpaka atazame chini ndo anaporomoka. Halafu anainuka, anajikung'uta vumbi.

Mdogo wangu Nakunda, hata shule hajaanza, alicheka mpaka machozi. Njia nzima ya kurudi: "Dada, kumbe ukitazama chini ndo unaanguka!"

Nikamwitikia tu, "Eeh."

Asubuhi yake ilikuwa zamu yetu ya maji. Kwa wasiojua, Upareni maji ya mfereji hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la kuchimba, kisha mwenye zamu anazibua yaende shambani kwake. Nikaenda na Nakunda.

Mfereji unaoleta maji pale unavuka korongo ndani ya gogo lililochongwa. Gogo lina ukoga, linateleza balaa. Chini ni mawe matupu.

Nimeinama nazibua, nainuka, Nakunda hayupo.

Yupo juu ya gogo! Katikati kabisa, kidevu juu, anaelekea ng'ambo.

Aisee, niliogopa jamani. Nikafungua mdomo nimwite, nikaufunga hapo hapo.

Kwetu mtoto akiitwa na mkubwa haitiki akiwa amekupa kisogo. Anageuka kwanza, ndo anasema "Abee". Na Nakunda alikuwa na adabu mno. Siku ile adabu ingemuua.

Mara mguu ukateleza kidogo. Akasimama. Nikaona anataka kuinamisha kichwa.

Sijui akili ile niliipata wapi. Nikapiga mluzi. Ule ule wa jamaa wa katuni, midomo inatetemeka, kimoyomoyo namwomba Mungu.

Kidevu kikapanda tena. Akafuata mluzi hatua kwa hatua mpaka ng'ambo.

Kufika akageuka: "Dada! Mtoto wa kike unapiga mluzi? Nakusema kwa mama!"

Halafu akatazama chini kwenye korongo. Akaangua kilio, na mimi huku nalia. Nikazunguka kwa njia ya chini kumfuata, nikambeba mgongoni mpaka nyumbani.

Na kweli alinisema. Mama akanichapa fimbo za haja, eti mwanamke akipiga mluzi anaita mkosi nyumbani. Sikujitetea hata neno. Namsikia Nakunda anacheka jikoni, nikaona bora nichapwe hata na kesho.

Nilichojifunza: ukimwekea mtoto katuni, kaa naye. Na akikuuliza jambo, usimjibu "eeh" ya kumpitisha.

Haya, na nyie semeni, nani wa kwenye katuni aliwahi kuwatoa jasho? Ila msiniombe niupige ule mluzi. Nimejaribu mara nyingi, midomo inakauka.