Kokwijuka na Mrundi Wake

Kokwijuka alirudi nyumbani kwa baba yake akitokea Izimbya, wakati watu wa upande wa Nshamba walikuwa bado wanasimuliana sherehe za Uhuru. Alirudi kwa miguu. Kitanda chake kilifuata baadaye, kimebebwa na shemeji zake wawili ambao hawakukubali hata kukaa wapumue. Kisa kilikuwa kile kinachowarudisha wanawake wengi: alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila kuzaa. Mume wake hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia tu kwamba mama yake amechoka kusubiri.

Baba yake, mzee Rugaibula, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimpa binti yake kipande cha ardhi mwishoni mwa kibanja, pale migomba inapokoma na rweya inaanza, mbuga ile ya nyasi ambayo kila mtu hulisha ng'ombe na hakuna anayeililia. Kibanja chenyewe kilikuwa mali ya ukoo, na mwanamke hakurithi. Lakini kipande kile udongo wake ulikuwa umechoka, na hata Rweyemamu, kaka yake Kokwijuka aliyekuwa mrithi, hakuwa na kinyongo. Alisema ni vizuri dada yake apate pa kujishikiza.

Msimu wa kahawa ulipofika, vibarua walikuja kutoka Burundi na Rwanda kama walivyokuja tangu Kokwijuka akiwa mtoto. Walipitia Biharamulo kwa miguu, jembe begani na mkeka umekunjwa kwapani, wakalala katika vibanda vya jikoni vya waliowapa kazi. Mpaka ulikuwepo, lakini hakuna aliyewauliza wameuvuka vipi. Hakuna aliyewauliza majina pia. Aliyetoka upande ule aliitwa Mrundi, awe Mrundi asiwe Mrundi.

Mmoja wao alikuwa amemaliza kuchuma kahawa ya Karugendo, mzee mwenye mibuni mingi kuliko wote kitongojini. Jina lake la ubatizo lilikuwa Bartholomayo. Kokwijuka alimwomba amchimbie mashimo ya migomba. Alichimba, akajaza samadi, akakata nyasi kule rweya na kuzitandaza shambani mpaka udongo ukaanza kushika unyevu. Kazi ilipokwisha hakuondoka, na Kokwijuka hakumwambia aondoke.

Maneno yakaanza. Binti wa Kihaya, wa ukoo unaojulikana, kukaa na kibarua aliyekuja na mkeka! Wanawake waliokuwa wakimpitia njiani kwenda kuchota maji wakaacha kumpitia. Mzee Rugaibula alipita mbele ya nyumba ya binti yake asubuhi na jioni, akitazama mbele kama mtu anayepita kwa jirani asiyemfahamu.

Kisha Kokwijuka akapata mimba. Yeye mwenyewe hakuamini mpaka mtoto alipoanza kucheza tumboni. Alipojifungua binti, Rugaibula alikuja, akaketi, akampakata mjukuu wake kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema kwamba ataongea na katekista ili ndoa ifungwe kanisani, kwa kuwa ile ya Izimbya ilikuwa ya kimila tu. Mtoto wakamwita Jovitha.

Miaka iliyofuata ndiyo Kokwijuka aliyoita maisha yake. Migomba ilizaa. Mibuni waliyoipanda ilianza kutoa kahawa ya kupeleka chama cha ushirika. Bartholomayo alijifunza Kihaya mpaka akawa anaota kwa Kihaya. Mke wake alimsikia usingizini. Rugaibula alipougua ugonjwa wa mwisho, ni Bartholomayo aliyembeba mgongoni kumpeleka misheni, na ni yeye aliyeshika jembe la kwanza kwenye kaburi. Rweyemamu alimwita shemeji mbele ya watu wote, na walipokuwa wakinywa rubisi, pombe ya ndizi, walitumia kibuyu kimoja.

Jambo moja tu halikushughulikiwa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wageni wakaombe kibali cha kuishi nchini. Bartholomayo alitaka kwenda Bukoba kujiandikisha. Kokwijuka alimzuia. Alimwambia kwamba mtu asiyetafutwa hajipeleki mwenyewe, na kwamba wakubwa wakishamjua watakuwa na neno la kumwambia. Akakubali. Kila mwaka walisema wataliangalia baada ya kahawa.

Kisha Burundi kukawaka. Mwaka ule wa sabini na mbili watu walikuja wasiobeba jembe wala mkeka. Wengi walipelekwa mbali kwenye makazi ya wakimbizi, lakini wengine waliingia kwa njia za panya wakajipenyeza vijijini. Bartholomayo alikuwa na ndugu kule, na kila aliposikia kwamba mkimbizi amefika alimfuata kumuuliza habari zao. Baadhi walilala kwake, wakala kwake, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi kuwaona ndugu zake. Lakini majirani walikuwa wanatazama, na ndipo maneno yaliyokuwa yamelala muda mrefu yakaamka. Walisema Kokwijuka ameufungua mlango, na kwamba mtu mmoja akishavuka huwavuta wenzake kama siafu.

Katika hali hiyo ndipo ikaja amri ya kuandikisha vijiji. Sehemu ya rweya ingekuwa shamba la ujamaa, na kila mwanakijiji angejulikana ni nani. Ofisa mmoja alikuja kutoka wilayani, mkutano ukaitwa mbele ya ghala la ushirika. Mabalozi wa nyumba kumi walikaa kwenye benchi la mbele. Rweyemamu alikuwa mmoja wao. Ofisa alieleza habari za kijiji, za shamba la pamoja na za zahanati, kisha akauliza watu wana maoni gani kuhusu wageni wasio na kibali.

Gamaliel alisimama wa kwanza. Alikuwa Mlutheri, mtu mpole, fundi seremala.

"Sina ugomvi na mtu," alisema. "Lakini nina wana wa kiume, na kibanja changu ukisimama katikati unaona mipaka yake yote. Rweya ndiyo ardhi iliyobaki. Mgeni akipewa, wanangu niwapeleke wapi? Ziwani?"

Watu wengi wakaguna kumuunga mkono, kwa kuwa hali yao ilikuwa hiyohiyo. Felicitas, mjane aliyekaa karibu na barabara, alisema kwamba tangu wakimbizi waingie haachi tena kahawa yake kwenye mkeka akaenda kanisani. Mtu mwingine akamjibu kwamba wezi wa kahawa wanajulikana na ni watoto wa hapahapa, waliozaliwa na kubatizwa hapa. Ikawa kelele. Karugendo akainuka na fimbo yake, akasema wageni waachwe. Nani atachuma kahawa, vijana wa siku hizi wanaotaka kuvaa viatu? Mrundi hula kidogo, alisema, hachagui pa kulala, hachoki. Aliwatetea hivyo kwa muda mrefu, kama mtu anayesifu ng'ombe wake mnadani.

Mwisho akasimama Datius, katekista aliyewapa watu wengi mafundisho ya ndoa, Kokwijuka akiwa mmoja wao.

"Sisi wenyewe husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Tuliwapa jembe. Wakalima. Sasa tunataka jembe na shamba vyote virudi?"

Wachache walipiga makofi. Wengine walisema katekista hana ardhi ya kugawa, anakula sadaka.

Kokwijuka alikuwa amekaa chini na wanawake. Bartholomayo alisimama nyuma, karibu na ukuta wa ghala, kofia mkononi. Kokwijuka alisikiliza kila neno, la waliomtaka mumewe aende na la waliomtaka abaki. Alikuwa akingoja mtu mmoja, hata mmoja, ataje jina lake. Walisema hawa, walisema wale, walisema Mrundi. Mtu aliyewachimbia makaburi ya wazazi wao alikuwa amesimama pale, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Ofisa akaanza kuwauliza mabalozi mmoja mmoja. Zamu ya Rweyemamu ilipofika, alisimama polepole.

"Nyumba zako kumi zina mgeni?" ofisa aliuliza.

"Yupo mmoja. Ni shemeji yangu."

"Ana kibali?"

Rweyemamu aliinamisha kichwa. Kila mtu pale alijua jibu, na balozi anayeficha angevuliwa ubalozi na pengine kufungwa. Kokwijuka aliyajua hayo yote. Bado alimtazama kaka yake akitumaini kwamba atasema uongo.

"Hana," Rweyemamu alisema.

Siku zilizobaki kabla ya lori la kuwaondoa wasio na kibali kuja, Bartholomayo alizitumia kupogoa mibuni. Kokwijuka alimfuata shambani, akamuuliza kwa hasira anapogoa ya nani. Akamjibu kwamba ni ya kwake na ya mtoto, halafu akaendelea kukata. Kokwijuka alitaka kufuatana naye. Alikuwa ameshafunga nguo zake na za Jovitha katika kitenge.

"Ukitoka hapa watasema shamba lilikuwa la mgeni, watalikata vipande," Bartholomayo alimwambia. "Kaa. Nikifika watakaponiweka, nitatuma mtu."

"Mimi ndiye niliyekukataza kwenda Bukoba."

"Tulikatazana wote," alisema.

Lori lilimchukua pale Nshamba pamoja na wengine, siku ya gulio, watu wakiendelea kununua ndizi na vyungu. Jovitha alilia. Kokwijuka hakulia mpaka alipofika nyumbani na kuona viazi alivyovimenya asubuhi ni vya watu watatu.

Hakumsalimia tena kaka yake. Rweyemamu alikuja mlangoni akabisha, hakujibiwa. Akawa anaacha mkungu wa ndizi kizingitini na kuondoka. Kokwijuka aliiacha ile ya mwanzo ikaiva ikaoza. Baadaye, kwa ajili ya mtoto, akaanza kuipika.

Habari ililetwa na Shaban, mwuza dagaa aliyezunguka na baiskeli mpaka Biharamulo na kwingineko. Alisema Bartholomayo yuko kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Ngara, amepewa mahali, analima mahindi, anawasalimu. Kokwijuka alimpa Shaban chakula kama anayemlisha mumewe. Akapanga kwamba kahawa ikiisha atakwenda kumwona. Lakini kahawa haijaisha, Shaban akarudi, na safari hii hakuegemeza baiskeli. Alisimama ameishika, akasema kwamba homa ilikuwa imepita kule, na Bartholomayo hakuivuka. Alikuwa ameshazikwa.

Kokwijuka alikaa chini palepale uani. Rweyemamu alisikia kilio kutoka kwake akaja mbio, na mara hii hakubisha.

"Nataka kuliona kaburi," Kokwijuka alimwambia. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu mkutano.

Wakasafiri pamoja, kwa basi na kwa miguu, wakizungumza ya lazima tu: maji, njia, pa kulala. Kule makazini waliuliza kaburi la Bartholomayo, na watu hawakulijua. Kokwijuka akaeleza sura yake, na jinsi alivyokuwa akitandaza nyasi shambani. Hapo mwanamke mmoja akashika mdomo.

"Kumbe mnamtafuta Mhaya," alisema.

Huko walimwita hivyo. Kirundi chake kilikuwa kimejaa maneno ya Kihaya, na alikataa kula ugali mpaka njaa ilipomfundisha. Wengine walikuwa hawamtaki, mwanamke alieleza, walisema si mwenzao, amekuja kupunguza mgawo. Aliwaonyesha tuta la udongo pembeni mwa shamba la mahindi. Kokwijuka alipiga magoti akang'oa magugu kwa mikono. Rweyemamu alisimama nyuma yake, kisha naye akapiga magoti.

Alipoona yule mwanamke anataka kuondoka, Rweyemamu alimuuliza kama marehemu aliwahi kumtaja. Alitamka jina lake vizuri, Rweyemamu, ndugu wa mkewe.

Mwanamke alifikiri. Alisema marehemu alikuwa akimtaja mke wake na binti yake, na mibuni. Hakukumbuka kumsikia akitaja mtu mwingine.

Rweyemamu aliitikia kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi alimbebea dada yake mzigo, na Kokwijuka alimwacha aubebe. Waliporudi waliweka msiba. Gamaliel alikuja na jembe, akapalilia kipande cha Kokwijuka chote bila kuombwa, akaondoka bila kula. Kwenye vikao vya kijiji aliendelea kusema yaleyale aliyoyasema, kwa kuwa wanawe walikuwa bado hawana ardhi. Kokwijuka hakumchukia. Alimwona ni mtu mwenye shida ya kweli, na shida ile ilikuwa imemkuta mumewe njiani.

Shamba hakunyang'anywa. Alilima, akauza kahawa, akamsomesha Jovitha mpaka darasa la saba. Shuleni watoto walimwimbia Jovitha kuhusu baba yake, na nyumbani akaacha kumtaja. Alipokua akapata mchumba, kijana fundi cherehani kutoka Kagondo. Wazee wa kijana walikuja kuposa, wakakaribishwa, wakauliza ukoo kama desturi inavyotaka. Rweyemamu alikuwa anakohoa ili aseme, lakini Jovitha, aliyekuwa amepiga magoti akimimina maji ya kunawa, alimtangulia.

"Baba yangu alikuwa mtu wa Biharamulo," alisema. "Alifariki nikiwa mdogo."

Wazee wakasema pole, wakanawa mikono. Rweyemamu alimtazama dada yake. Kokwijuka alikuwa amemkazia macho binti yake, na aliona jinsi alivyoshika ule mtungi kwa mikono miwili. Akainuka, akaenda jikoni kuipua ndizi.