Mishahara Ndani ya Gunia la Dagaa

Gladness Kashindye, jirani yangu wa Nyakato, alikuwa mwoga, nami namsifu kwa hilo, maana kazi yake haikufaa mtu jasiri. Kiwanda alikokuwa mhasibu kilipobinafsishwa, aliachishwa kazi, akaajiriwa na kampuni ya wahandisi iliyokuwa ikifunga mitambo kwenye mgodi wa shaba, mbele ya Kisesa. Kila mwisho wa mwezi alichukua mishahara benki akaipeleka mgodini. Kwa kuogopa majambazi, kampuni iliweka masharti mawili: kila safari njia mpya, na mzigo usitajwe kwa yeyote. Ukiutaja, huna kazi.

Mwezi huo dereva wake, Ooko, aliacha barabara, akakatiza kwenye njia ya ng'ombe. Pesa zilikuwa ndani ya gunia la dagaa, na Gladness amejifunga khanga kama mchuuzi. Hawakujua kwamba jana yake kijiji cha karibu na njia hiyo kiliibiwa ng'ombe. Mama mmoja aliona gari geni likitoka vichakani, akapiga yowe. Usukumani, asiyeitikia yowe hutozwa faini. Wanakijiji walitoka wote, na marungu na mapanga.

"Mmebeba nini?" aliuliza Chenge, kamanda wao wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Dagaa, baba," alisema Ooko.

"Dagaa hupita barabarani. Huku wanapita wezi."

Walimshusha Ooko, wakamlaza kifudifudi. Gladness alishuka mwenyewe, akapiga goti.

"Shikamoo baba," alisema. "Ni mishahara ya mgodini. Mimi ndiye mhasibu."

Chenge alitia mkono guniani, akatoa bunda la noti zinazonuka dagaa.

"Mwanangu Mihayo anafanya kazi huko. Wake umo?"

"Umo, baba."

Chenge alilifunga gunia mwenyewe, akaamuru Ooko aachiwe, akapanda garini na gunia miguuni pake, na watu wake wakalisindikiza gari mpaka geti la mgodi. Haikupungua hata noti moja.

Meneja alitoka, akauona umati, akauliza nani ametaja mzigo. Gladness akasema ni yeye. Alifukuzwa palepale, mbele ya watu waliomlindia pesa. Chenge alimwuliza meneja kosa la Gladness ni nini, naye akaliburuta gunia ndani, akafunga geti.

Ooko alimrudisha kwa barabara kubwa. Mapanga yalikwisha kumtoka Gladness akilini. Sasa aliogopa kodi ya nyumba, na mjini kila kiwanda kilikuwa kikipunguza watu.

"Endesha polepole, kaka," alimwambia. "Watoto wangu wameshatoka shule, na sijajua nitawaambia nini."